Ndizi mzuzu za kukaanga na mhogo wa jibini juu yake: kwa nini zinalowa, na namna ya kuzipika zikasimama

SWALI: Shikamoo mpishi. Niko Tanga. Kwenye shughuli moja ya arusi nilikula vipande vya ndizi mzuzu vya kukaanga, juu yake pamewekwa mhogo uliopondwa na jibini, ukapigwa moto mpaka ukapata rangi. Nimejaribu nyumbani ikanishinda. Ndizi zilikunywa mafuta zikalegea, mhogo ulivutika kama gundi, na jibini ilitoa mafuta yakaelea juu. Ndizi nilichagua zilizo nyeusi kabisa, maana muuza genge aliniambia ndizo tamu. Mhogo niliusaga kwa blenda. Oveni sina, nina jiko la gesi na la mkaa. Jumamosi ya wiki ijayo nina wageni kumi na wawili. Nikiuacha mhogo nikatumia viazi vitamu, nitapona?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenieleza vizuri, na ndani ya maelezo yako mna majibu karibu yote: ndizi nyeusi kabisa, blenda, na jibini iliyokaa motoni muda mrefu. Ulipanga kitu laini juu ya kitu laini, hapakuwa na cha kumbeba mwenzake. Katika chakula hiki ndizi ndiyo inayobeba. Ikilegea, kila unachoweka juu yake kinazama nayo, hata mhogo wako uwe mzuri namna gani. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye ndizi, kisha mhogo na jibini, halafu nikuoneshe namna ya kupata moto wa juu bila oveni.

Muuza genge hakukudanganya. Ndizi mzuzu mbichi imejaa wanga. Kadiri inavyoiva wanga unageuka sukari na nyama yake inalainika. Ile iliyokuwa nyeusi gome zima ndiyo tamu kuliko zote, na ukiipika kwa tui la nazi na hiliki kwa ajili ya futari hutapata iliyo bora kuliko hiyo. Kwenye karai la mafuta mambo yanabadilika. Sukari nyingi inaungua mapema, nje pakawa peusi wakati ndani bado. Ukiona hivyo unapunguza moto, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Moto ukipungua, maji yaliyo ndani ya ndizi hayageuki mvuke kwa nguvu, na mvuke huo unaosukuma kutoka ndani ndio unaoyazuia mafuta yasiingie. Hapo ndipo ndizi zako zilipoanza kunywa.

Unayoitaka kwa Jumamosi ina gome la njano lenye madoa meusi, tuseme robo ya gome lote, na shingo yake imeshaacha ukijani. Ibonyeze katikati kwa kidole gumba: inabonyea kidogo halafu inarudi. Ukiimenya, gome linatoka kwa vipande virefu bila kung'ang'ania, na ndani rangi ni ya njano iliyopauka inayoelekea kwenye chungwa. Kipimo cha mwisho ni kisu. Kikipita na kutoka kisafi, ndizi hiyo itasimama. Kikitoka na ute mzito umegandia pembeni, hiyo imepita kiwango cha kukaangwa. Iweke kando ya kupikia nazi, haina kosa lolote.

Hakikisha pia unachonunua ni mzuzu kweli, au mkono wa tembo, zile ndefu nene zinazozaa chane chache zenye ndizi kubwa kubwa. Uganda huziita gonja, na wenzetu wa Kongo huziita makemba. Ndizi za kupika za Bukoba ni za ukoo mwingine. Mbichi ni tamu mno kwenye mchuzi, lakini zikiiva hulainika na kuwa na maji, hazina ule ukavu wa mzuzu unaohitajika kwenye mafuta. Kisukari ndiyo kabisa, itayeyuka kwenye karai.

Nunua siku tatu au nne kabla, zikiwa ndiyo kwanza zinageuka njano, uzitazame kila asubuhi. Ukipata mbichi tupu, zivundike: zifunge kwenye gunia au mfuko wa karatasi pamoja na embe au ndizi nyingine iliyoiva, uweke pahali pa joto. Tunda lililoiva linatoa hewa inayoyaivisha mengine, ndiyo maana kuvundika kunafanya kazi. Usiziweke kwenye friji zikiwa bado. Baridi hulifanya gome kuwa jeusi ukadhani zimeiva, kumbe ndani uivaji umesimama.

Kwa wageni kumi na wawili, ndizi sita kubwa zitakupa vipande kama 60, yaani vitano kwa kila mtu. Kata kwa mshazari, unene wa sentimita moja na nusu. Kipande chembamba kinajikunja na kugeuka krispi, kikibebeshwa mhogo kinavunjika; kinene kupita hapo kinaungua nje kabla ya joto kufika kati. Usivioshe baada ya kukata wala usivitie chumvi sasa, kwa sababu chumvi inavuta maji nje, na maji juu ya ndizi yanayapoza mafuta yako na kuyarusha. Vifute tu kwa kitambaa kikavu.

Tumia karai lenye kina na mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, kimo cha sentimita tatu hadi nne. Joto zuri ni nyuzi 170 hadi 175. Kama huna kipimajoto, chovya ncha ya mwiko wa mti ulio mkavu: vipovu vidogo vidogo vikiuzunguka mfululizo, mafuta yako tayari. Vikitoka kimoja kimoja, subiri. Vikiruka kwa fujo na unaona moshi, ondoa karai motoni kidogo. Weka vipande vichache, visizidi nusu ya uso wa mafuta, kwa sababu ukijaza karai joto linashuka ghafla na tunarudi kulekule kwenye kunywa mafuta. Acha dakika mbili upande mmoja bila kuvigusa, geuza, dakika mbili nyingine. Sikiliza karai pia. Ndizi inapoingia inapiga kelele nyingi, na kelele hiyo ni maji yanayotoka. Sauti ikianza kupungua na kingo zimeshika rangi ya kahawia, toa. Ukingoja mpaka karai linyamaze, mvuke umekwisha na mafuta yanaingia bila kizuizi.

Sasa nakuomba usome hapa mara mbili. Mafuta mengi ambayo ndizi inayanywa hayaingii ikiwa ndani ya karai. Yanaingia punde tu baada ya kutolewa: mvuke uliomo ndani unapoa na kusinyaa, na mafuta yaliyobaki juu ya kipande yanavutwa kuingia mahali pake. Ukivirundika kwenye bakuli, unavifungia pamoja na mafuta yao. Kwa hiyo kipande kikitoka, kishikilie kwenye upawa wa matundu juu ya karai na ukikung'ute vizuri, kisha kipange kwenye chekeche au wavu wa waya, safu moja, kisilaliane na chenzake. Bonyeza karatasi ya jikoni juu na chini mara moja, palepale, kikiwa bado kinafoka mvuke. Halafu nyunyiza chumvi kidogo. Wapishi wengi wanahangaikia aina ya mafuta, lakini dakika hii moja ya kukung'uta na kukausha inafanya kazi kubwa kuliko chapa yoyote iliyoandikwa kwenye dumu.

Tuje kwenye mhogo. Usiuache, mwanangu. Mhogo na ndizi ni watu wa meza moja: kwenye futari ya pwani mhogo wa nazi na ndizi mbivu vinakaa bega kwa bega, na mhogo wa kupondwa wenye jibini juu yake una wenyewe huko Brazili. Upande wa kaskazini-mashariki wa nchi hiyo wana chakula kiitwacho escondidinho: nyama iliyokaushwa kwa chumvi inafunikwa kwa mhogo uliopondwa, jibini inawekwa juu, kisha sahani inapigwa moto mpaka ishike rangi. Mhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno ndio walioanza kuuleta Afrika katika karne ya 16. Karne hiyohiyo migomba ilivuka bahari kwenda upande wa pili. Inaandikwa kuwa padri Tomás de Berlanga aliipeleka Santo Domingo, huko Karibi, mwaka 1516 kutoka visiwa vya Canary. Kwa hiyo hapa unaunganisha vyakula viwili ambavyo vimeshapishana njiani kwenye bahari ya Atlantiki, na vinaelewana.

Kilichokuharibia ni blenda. Mhogo una wanga mwingi sana, na ukishaiva wanga huo unakuwa umevimba ndani ya chembe zake. Visu vya blenda vinazipasua chembe hizo, wanga unamwagika wote, unashikana, na hapo unapata ule mvutiko ulionieleza. Ukishafika hapo haurudi. Kuongeza maziwa kunaufanya uwe mwepesi tu, mvutiko unabaki palepale. Mhogo wa sahani hii unapondwa kwa mkono, ukiwa wa moto, na unapondwa kwa kushindilia kutoka juu kwenda chini. Ukianza kuukoroga kwa mzunguko kama unasonga ugali, utafika kulekule kwa blenda, ila kwa kuchelewa.

Sokoni ulizia mhogo mtamu wa unga, ule unaopasuka ukichemshwa. Mwambie muuzaji akuvunjie mmoja mbele yako. Mbichi mzuri unakatika kwa mlio, ndani ni mweupe na una unyevu; ukiona michirizi ya buluu au nyeusi, umeshapita siku mbili tatu tangu ung'olewe na hautaiva sawasawa. Mhogo mchungu usiutumie hapa hata kidogo. Una viini vingi vinavyotoa sumu ya sianidi, na kuchemsha mara moja hakutoshi kuviondoa. Huo ni wa kulowekwa, kuchachushwa na kukaushwa kwa siku kadhaa kabla haujawa chakula. Hata mhogo mtamu, umenye ganda lote pamoja na lile la ndani lililo nene, chemsha kwa maji mengi bila kufunika sufuria, na maji hayo uyamwage, usiyatumie kwa kitu kingine.

Kilo moja ya mhogo na maganda yake inakutosha. Kata vipande vya urefu wa kidole, anza na maji ya baridi yenye chumvi, chemsha dakika 25 hadi 30 mpaka vipasuke vyenyewe. Mwaga maji, pasua kila kipande na uvute ule uzi mgumu wa katikati uutupe. Rudisha mhogo kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, uutikise kwa dakika mbili ukauke. Utaona utando mweupe unaanza kushika chini ya sufuria, hapo basi. Ponda kwa mchi au kwa kitako cha mwiko. Ukitaka ulainike zaidi, usukume kwenye chekeche la chuma kwa mgongo wa upawa.

Tia siagi kwanza, gramu 50, kabla ya tone lolote la maziwa. Mafuta yakiutangulia wanga yanauzunguka, na hauvutiki kwa urahisi. Baada ya hapo tia maziwa ya moto, kama mililita 100, kidogo kidogo. Chota kijiko cha mhogo ukigeuze kichwa chini: ukining'inia kwa sekunde mbili ndipo ukadondoka, umepatia. Ukidondoka mara moja ni mwepesi mno, utatiririka kwenye ndizi na kuilowesha. Usipodondoka kabisa, ongeza maziwa kijiko kimoja. Najua mkono wa mtu wa Tanga unakwenda kwenye nazi, nami naipenda nazi, lakini hapa naizuia. Tui zito na jibini vyote ni vya mafuta na kila kimoja kina ladha ya kutawala; ukiviweka pamoja sahani inakuwa nzito na hujui unakula nini.

Jibini sasa. Ndani yake mna protini iliyoshikilia mafuta na maji. Ikipata joto la wastani inalegea na kuyeyuka vizuri. Joto likizidi, au likikaa muda mrefu, protini inajikaza na kuyakamua mafuta nje, na hayo ndiyo uliyoyaona yakielea. Kwa hiyo jibini haichemshwi pamoja na mhogo. Ondoa sufuria motoni, subiri mpaka uweze kugusa mhogo kwa kidole bila kuruka, ndipo uitie, imekwanguliwa kwa tundu ndogo, imekaa nje ya friji nusu saa. Ponda mara chache ichanganyike na uache.

Aina ninayoipendekeza kwako ni Gouda changa. Njombe wanatengeneza jibini nzuri na maduka makubwa mengi huwa nayo. Cheddar changa inafaa vilevile. Iliyokomaa sana ina ladha kali lakini ndiyo inayotoa mafuta upesi. Mozzarella kavu ya kukwangua inavutika vizuri, tatizo haina chumvi wala ukali wa kutosha kupambana na utamu wa ndizi, hivyo ichanganye nusu kwa nusu na nyingine. Jibini ya kugandishwa kwa ndimu au siki nyumbani haiyeyuki hata ufanyeje, na halloumi pia. Unaweza kuzichambua ndogo ndogo kwa ajili ya chumvi yake, usitarajie zaidi.

Tumia gramu 150 za Gouda ndani ya mhogo, pamoja na vipande vinne vya ile jibini laini ya pembetatu iliyofungwa kwa karatasi ya fedha, inayouzwa kwenye kiboksi cha duara. Watu wa jikoni huwa wanaidharau, nami siidharau: ina chumvi maalumu zinazoyashika mafuta na maji yasiachane, na vipande hivyo vinne vinaisaidia Gouda isikamue mafuta. Bakiza gramu 60 za Gouda kwa juu. Onja kabla ya kuongeza chumvi, jibini imeshaleta yake.

Ndizi ni tamu, mhogo hauna ladha kali, jibini ni mafuta. Pasipo kitu kikali na kichachu mgeni ataishia kipande cha pili. Tia kwenye mhogo vijiko viwili vya mtindi uliochujwa maji kwa kitambaa, kitunguu saumu punje tatu zilizochomwa kwenye mkaa zikapondwa, pilipili mbichi iliyokatwa ndogo sana, na pilipili manga ya kutosha iliyotwangwa muda huohuo. Muheza hapo jirani zenu wanalima pilipili manga nzuri, itafute. Kungumanga kidogo ya kukwangua inaipendeza sana jibini. Mezani weka chatini ya ukwaju iliyo nyepesi, na hiyo usiiache.

Umeuliza kuhusu viazi vitamu. Juu ya ndizi iliyoiva, jibu langu ni hapana. Kiazi kitamu kikipata moto taratibu wanga wake mwingi unageuka sukari, kinazidi utamu na kinatoa maji, hasa viazi lishe vile vya rangi ya chungwa. Utaweka tamu juu ya tamu na unyevu juu ya kitu ulichopigania kikauke. Kama moyo wako uko kwenye viazi vitamu, badilisha ndizi: tumia mzuzu mbichi, kijani, kwa mtindo wa Kolombia, Ekuado na visiwa vya Karibi, ambako huziita patacones au tostones. Pasua gome kwa urefu, loweka kwenye maji ya chumvi dakika kumi litoke kwa urahisi na utomvu usikuchafue mikono, kata vipande vya sentimita mbili na nusu, vikaushe, kaanga kwa nyuzi 160 mpaka vilainike bila kushika rangi. Vitoe, vibonyeze kwa kitako cha kikombe mpaka viwe bapa, kisha virudishe kwenye mafuta ya nyuzi 185 vikauke na kuwa vya dhahabu. Hivyo havina utamu, vinalia vikivunjwa, na kiazi kitamu chenye jibini na pilipili kinakaa juu yake vizuri sana. Viazi uvichome kwa mkaa na maganda yake badala ya kuchemsha, visiongezewe maji.

Magimbi, ambayo Kenya wanayaita nduma, ni mbadala bora wa mhogo juu ya ndizi iliyoiva. Yanapondeka laini, yana harufu yake nzuri, na hayavutiki upesi. Rangi inaelekea kijivu, haivutii macho sana mpaka jibini ya juu ishike rangi. Yaive kabisa kabisa; yakibaki na ubichi, yale machembe makali yaliyomo ndani yatawasha koo za wageni wako. Paka mafuta mikononi unapoyamenya. Mbatata za kawaida zinafaa, ila ukitumia hizo sioni kwa nini usumbuke kutafuta mzuzu.

Oveni isikunyime usingizi. Mama zetu wameoka mkate wa kumimina kwa makaa juu na makaa chini tangu zamani, na kwa kazi hii unahitaji ya juu tu. Chukua sufuria pana au sinia la chuma lenye mfuniko bapa wa bati unaoweza kubeba makaa. Panga ndizi zilizokaushwa, weka juu ya kila kipande kijiko cha chai kilichojaa mhogo, usifike ukingoni, acha nafasi ya unene wa kiberiti ili jibini isimwagike. Parua uso wa mhogo kwa uma upate vichongo, yaani vituta vidogo vilivyochongoka. Vichongo hivyo ndivyo vitakavyoshika rangi kwanza. Nyunyiza Gouda ya juu kidogo kidogo. Funika, palia makaa mekundu yasiyo na moshi juu ya mfuniko, mengi, na chini usiweke moto, au weka majivu ya moto tu. Dakika tatu hadi tano. Inua mfuniko dakika ya tatu uangalie, kwa koleo, ukiunyanyua sawasawa majivu yasiingie. Jibini ikishayeyuka na vichongo vya mhogo vikawa na madoa ya kahawia, toa papo hapo. Dakika mbili za ziada ndizo zinazoleta yale mafuta ya kuelea.

Mfuniko uwe mkavu na uwe umeshapashwa kwa makaa hayohayo kabla ya kufunika, vinginevyo mvuke utaganda kwake na kudondokea ndizi. Kama mkaa hautapatikana siku hiyo, kikaango cha chuma kwenye gesi, moto wa chini kabisa, umefunikwa dakika mbili, kitayeyusha jibini. Rangi hutaipata, na ndizi zitalainika kidogo, lakini ladha itakuwepo. Hapo zungushia kitambaa chini ya mfuniko kivute mvuke.

Siku yenyewe, panga kazi namna hii. Chatini ya ukwaju ifanye Ijumaa. Mhogo uchemshe na kuuponda saa moja na nusu kabla ya wageni kula, pamoja na siagi na maziwa, halafu uweke sufuria yake ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto, umefunikwa. Jibini usiitie bado. Washa mkaa nusu saa kabla, uwe mwekundu mtupu unapouhitaji. Kaanga ndizi mwisho kabisa, dakika 25 kabla ya kupakua, na wakati mafungu ya mwisho yako karaini mwambie mtu atie jibini kwenye mhogo. Ukijaribu kukaanga asubuhi ili upumzike mchana, utapata tena zilezile zilizolegea, kwa sababu ndizi iliyokaangwa ikipoa inavuta unyevu wake wa ndani kuja nje. Pika kwa sinia mbili za vipande 30, moja ikiliwa nyingine iwe chini ya makaa. Wageni wale kwa mikono, vikiwa vya moto.

Usingoje Jumamosi kujaribu. Katikati ya wiki nunua ndizi moja, kaanga vipande vinne, na ufanye lile zoezi la kukung'uta na kukausha mpaka mkono ulizoee. Mhogo wenye jibini ukikubakia, uweke kwenye friji usiku mmoja ukaze, ufinyange madonge bapa, chovya kwenye yai na chenga za mkate, kaanga kama katlesi. Watoto watazimaliza kabla ya kwenda shule.